Kidole Kisichokunjika

Mfupa wa pembeni ya kidole gumba cha mguu wangu wa kulia ulichomoza hadi viatu vya kanisani nikavitoboa kwa wembe. Miaka ishirini nimesimama darasani hapa Kibeta, na mguu ukachoka kabla yangu. Daktari wa mifupa alitazama eksirei akasema kuchonga nundu peke yake ni kazi bure, itarudi. Angeweza kukata mfupa, kuunyoosha na kuushikiza kwa waya. Au angekiunganisha kiungo chenyewe kiwe mfupa mmoja, kwa kuwa kilishalika. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoitaka.

"Maumivu yataisha," alisema, "ila kidole hakitakunjika tena."

"Sasa nitapigaje magoti?"

Alinishangaa. Alikuwa mtu wa kuja, angejuaje kwamba kwetu mke hamsalimii mama mkwe akiwa wima? Nikachagua waya. Akanionya: wiki sita nikanyagie kisigino tu, na magoti marufuku.

Wiki ya tatu mama mkwe alikuja kutoka Muleba kuniona, pamoja na wifi yangu mkubwa. Nilikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli.

"Bakia hapo hapo, mwanangu," mama mkwe alisema tangu mlangoni, akinizuia kwa mkono.

Alimaanisha. Lakini wifi alikuwa ananikodolea macho, na mdomo wake naujua. Muleba nzima ingesikia kwamba mwalimu siku hizi anapokea salamu akiwa amekaa. Nikashuka. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kidole kikakunjika, na ndani ya bandeji kitu kikaachia. Niliimaliza salamu yote, machozi yananitoka. Wifi akayaona, akasema nimewakumbuka sana.

Hospitalini walikuta waya umepinda na mfupa umehama. Baadaye kidonda kikaoza. Safari ya pili daktari hakuniuliza nachagua nini. Alikiunganisha kiungo, na kwa sababu ya kile kidonda maumivu hayakuisha. Nilijichukia, nawaambia kweli.

Mama mkwe alihamia kwetu kuniuguza. Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti mbele yangu, na magoti yake mabovu, ananiosha mguu kwa maji ya chumvi. Nilimsihi ainuke, akakataa.

"Siku ile ulimwogopa nani?" aliuliza.

Niliinama nikamshika mkono uliokuwa majini; yeye sikuwahi kumwogopa hata siku moja.