Mkono Wangu na Vichwa vya Rosettenville

Nina diploma ya uongozi wa biashara. Niliisomea Johannesburg jioni, baada ya kusimama kutwa nzima nikisuka, na sasa nimeitundika saluni kwangu Tanga pale ambapo mteja akiinua macho haikosi. Walimu walitufundisha kwamba mteja hurudi kwa ajili ya bei, usafi na kauli nzuri. Niliyaandika hayo kwenye mtihani, nikafaulu. Lakini saluni niliyoifungua kwa jasho langu huko huko Johannesburg, mtaa wa Rosettenville, haikujaa kwa hayo. Ya jirani ilikuwa safi kuliko yangu, na viti vyake vilizunguka.

Mimi nilikuwa na mkono. Kwetu tunajua kuna mkono unaootesha nywele na mkono unaozikata. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa benki, nywele za mbele zimemnyonyoka. Zilipoota nilimwambia bila haya, "Ni mkono wangu, dada. Huu huupati kwingine." Akalipeleka neno hilo kanisani kwao. Wakaja Wakenya, wakaja Wakongo, wakaja na akina mama wa Kizulu kutoka Troyeville huko.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa nami nikiwa ndani.

Msaidizi wangu, binti wa Lubumbashi, nilimfundisha mwenyewe. Hakuna aliyemkalia. "Mama, banakataa mukono yangu," aliniambia. "Banasema itakatisha nywele yabo." Nikiumwa, walikaa kwenye benchi wakanisubiri nikohoe nimalize. Chakula nilikula nimesimama. Nilipanga chumba Turffontein, karibu kabisa na uwanja wa farasi, na miaka yote ile sikuwahi kumwona farasi akikimbia.

Nikabuni njia, maana akili ninayo. Mimi nitafungua kichwa, yaani nisuke mstari wa kwanza, halafu binti amalizie. Wakakubali, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapita. Wateja wakaongezeka maradufu, na kila kichwa bado kilinitaka mimi.

Kisha mdogo wangu, aliyebaki Tanga, akaposwa. Tangu mama yetu afariki ni mimi niliyekuwa nikimsuka, na nilipoondoka nilimwapia kwamba nywele za harusi hazitaguswa na mtu mwingine. Harusi ilikuwa Desemba, mwezi ambao Johannesburg nzima inasukwa ili irudi kwao ikiwa maridadi. Nikakata tiketi ya basi mapema, nikawatangazia wateja.

Siku ya safari nikawakuta wamejaa hadi nje.

"Fungua tu," alisema yule Mkenya. "Huyu binti atanimalizia wiki ijayo."

"Utatembea na mstari mmoja?"

"Nitafunga kitambaa. Si wewe ulisema mkono ndio huu? Ama unataka tunyonyoke Krismasi?"

Wakacheka. Mama mmoja wa Kizulu, mtu mzima, alinishika kiganja. "Eish, sisi," alisema, yaani dada kwa lugha yao, "wewe nenda. Lakini anza na mimi."

Begi langu lilikuwa chini ya beseni la kuoshea. Aliyeinuka kitini alimpisha mwingine, na sikuona pa kukata, maana ningemwambia nani kwamba kichwa chake hakistahili? Nilipoingia kwenye teksi kila roboti, yaani taa za barabarani za kule, ilikuwa nyekundu. Stesheni ya Park nilikuta mahali pa basi pakiwa patupu. Mabasi mengine yote yalikuwa yamejaa, hadi baada ya harusi.

Nikampigia mdogo wangu. "Tafuta msusi," nilimwambia.

"Dada, ulisema ni wewe tu."

"Nilisema."

"Basi sawa."

Nikarudi saluni. Wale waliokosa nafasi asubuhi walinishangilia kama niliyetoka hija, na mmoja akakaa kitini kabla sijaweka begi chini.

Baada ya harusi mdogo wangu alinipigia. "Amenisuka jirani. Zimekaa vizuri, dada. Wala hazikuuma."

Leo niko nyumbani, na saluni yangu haina mfano mjini hapa. Katika kazi yangu yote nimempoteza mteja mmoja tu. Anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Asubuhi hupita mlangoni, tunaamkiana vizuri, ananiulizia afya, kisha anaendelea na safari yake kwenda kusukwa kwa jirani yule yule wa harusi.