Mayaka na Mikono ya Mama Benta

Fika soko la Uriri uulizie mpiga picha, utaonyeshwa mlango wa bluu wa Mayaka. Utaambiwa jamaa ni mpole, Msabato kamili, hanywi, hagombani, hachelewi kwa mazishi ya mtu. Yote ni kweli. Lakini ana kiburi cha kazi, na hilo mimi simfichii. Kwa miaka kumi na mmoja alibeba kamera ileile, nyeusi, nzito, iliyochubuka kona zote, pamoja na stendi ya miguu mitatu, akarekodi harusi na mazishi kuanzia Migori mpaka Homa Bay. Kamera yenyewe ni ya zamani. Kwenye video haijui kufuata uso wa mtu. Fokasi, yaani picha kuwa kali bila ukungu, ni kazi ya vidole vyako: unazungusha pete ya lenzi polepole huku umekodoa macho, na Mayaka alikuwa stadi wa pete hiyo.

Halafu wakaja vijana wa Homa Bay na gimbal, ule mkono wa mota unaoshika kamera isitikisike hata ukitembea. Video zao zinateleza tu. Wateja wakaanza kumuuliza Mayaka, "Na wewe yako iko wapi?" Swali hilo lilimchoma, wacha! Akaenda mjini, akaingia duka la kwanza, akachukua gimbal ndogo kuliko zote, kwa sababu ilikuwa nyepesi na iling'aa.

Ogeto, fundi wa kamera pale Migori, aliigeuzageuza mkononi akatikisa kichwa. "Mayaka, ndugu yangu, hii haibebi kamera yako na lenzi yako ndefu. Mota zitalia."

"Nitaweka lenzi fupi."

"Sawa, weka. Na mikono yako yote miwili ikiwa kwa mpini, fokasi utashika na nini? Meno?"

"Nitaiweka kabla sijaanza."

"Basi bana tundu la lenzi liwe dogo, wa karibu na wa mbali wote waonekane. Hesabu hatua, na usiruhusu mtu akusogelee. Ama uchukue stendi ya mguu mmoja, vidole vibaki kwa pete. Hiyo ndiyo dawa ya kamera kama hii."

Mayaka alicheka. Stendi ya mguu mmoja, yeye! Vijana wamwone kama anayechechemea! Akaaga, akaondoka na gimbal yake.

Kazi yake ya kwanza nayo ilikuwa Magunga, mazishi ya Mzee Odhiambo, siku ya Ijumaa. Sasa nikueleze nyumba hiyo. Mjane wa mzee, Mama Benta, tangu utotoni hasikii wala hasemi. Alizungumza na mumewe kwa mikono, lugha waliyoitunga wenyewe hapo bomani, na waliobaki kuijua ni watoto wao wawili tu: Linet, anayekaa na mama, na James, askari wa lindo kule Doha. James alinyimwa ruhusa ya kuja kumzika baba yake. Ndiye aliyempigia Mayaka simu.

"Omera, ndugu yangu, mambo mengine yote unaweza kuruka," alimwambia. "Mama akimuaga mzee, hapo usiruke. Ataaga na kwa niaba yangu. Tumeshaelewana mimi na yeye. Mtandao wa huko unakuja na kwenda, kwa hivyo ni wewe tu nakutegemea."

"Wewe usijali," Mayaka akasema. "Umepata mtu wa kazi."

Siku ikafika. Jeneza liko wazi chini ya hema, maua juu yake. Mayaka alikuwa ameweka lenzi fupi na kufungua tundu lote, kwa kuwa alitaka nyuma pawe na ukungu laini kama kwenye video za wale vijana. Fokasi akaiweka kwenye maua ya jeneza, umbali wa hatua tatu. Lakini watu walikuwa wamejaa na simu zao juu, wanamzibia njia, naye anataka kuteleza. Akamnong'oneza mwongoza hafla. Huyo naye akapaza sauti kwenye spika: "Simu chini! Simu zote nyuma! Kameramani yuko hapa, mpisheni afanye kazi!" Watu wakatii. Haikubaki simu hata moja mbele.

Linet wakati huo alikuwa amezimia kwa kilio, wanawake wamempeleka nyuma ya nyumba. Mama Benta akasimama peke yake karibu na jeneza, upande wa kamera. Mikono yake ikaanza kusema na mumewe. Ikasema sana. Kisha akaigeukia kamera, akaifuata, hatua kwa hatua, mikono ikiendelea, na Mayaka akarudi nyuma kwa ulaini wa ajabu, asijue kwamba mama anakuja haraka kuliko yeye anavyorudi. Kwenye ile skrini ndogo, na jua lile, kila kitu kilionekana sawa. Mayaka alijisikia bingwa.

Jumamosi hakugusa kompyuta, ni Sabato. Kanisani aliwasimulia watu kuhusu gimbal mpaka mkewe Nyatichi akamkanyaga mguu. Jumapili asubuhi akafungua.

Maua ya jeneza yalikuwa safi. Ungehesabu petali. Mbele yake Mama Benta alikuwa ukungu mtupu, na mahali pa mikono palikuwa na kitu cheusi kinachopanda na kushuka, hakina vidole. Mayaka akarudisha, akatazama tena. Akarudisha tena. Angekuwa mtu mwingine, angalau sauti ingebaki. Maneno ya Mama Benta yalikuwa kwenye vidole, na vidole havikuwepo. Na simu arobaini ambazo zingevishika alizifukuza mwenyewe! Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alifunga kompyuta kwa nguvu, Nyatichi akauliza kuna nini, akasema hakuna.

Kisha akadanganya. James aliandika, akajibiwa mafaili ni mazito. Akaandika tena, akajibiwa stima imepotea Uriri. Wiki tatu! Mtu mzima, shemasi wa kanisa, anaona jina la mteja kwenye simu anaificha chini ya mto. Hata Linet alipopiga hakushika. Mwishowe Linet akatuma ujumbe mmoja: "Mama anauliza kama James ameona." Huo haukujibika kwa uongo. Kesho yake Mayaka akabeba kompyuta, kamera na ile stendi ya zamani, akaenda Magunga.

Aliwaambia yote, Linet akitafsiri kwa mikono. Mama Benta akaomba kuona. Akaitazama ile video mpaka mwisho, akanyoosha kidole, akagusa ule weusi kwenye skrini, mahali mikono yake ilipopaswa kuwa. Mayaka akainama.

"Mama, nisamehe. Nimekuja na stendi. Tafadhali useme tena, safari hii nitashika vizuri."

Mama Benta alijibu kwa mikono, taratibu, bila hasira. Linet akatafsiri.

"Anasema alikuwa anaongea na mzee. Mzee alikuwa hapo, uso wazi, na mkono wake yeye aliuweka kifuani kwa mzee, kama ndio mkono wa James. Sasa mzee amefunikwa. Anauliza, aseme na nani?"

Mama Benta akaonyesha kiti, mikono ikaendelea.

"Anasema ukae wewe kwa kiti. Umwambie James mwenyewe. Na useme kwa mikono, ndio na yeye aone unasema nini."

Woi! Mtu wa kukaa nyuma ya kamera siku zote. Alimweka Linet kwenye kiti kwanza, akabana tundu la lenzi, akazungusha pete mpaka akaona kope zake moja moja, akaweka alama ya miguu ya kiti kwenye udongo. Hakukosea hata kidogo. Kisha wakabadilishana. Linet akamfundisha: kiganja kifuani, ni mimi. Kiganja sikioni, simu. Kupunga mikono kama unafukuza kuku, ndiyo kufukuza. Mama Benta akasimama kando ya kamera, anatazama. Mayaka alifukuza kuku mara tatu mbele ya mjane yule, jasho likimtoka, machozi yakimtoka, kabla hajapata kulisema sawasawa.

Alituma video hiyo siku hiyohiyo. Jibu la James lilifika Jumatatu, siku ya soko, Mayaka akiwa amesimama mlangoni pake na wateja wawili wakisubiri.

"Nimeona. Mikono yako imetoka vizuri sana, kila kidole. Ningependa kuona ya mama."

Aliusoma ujumbe huo mara mbili. Akawaomba wale wateja warudi kesho, akaingia ndani, akafunga mlango.