Mchanga Ulipoishia

Gemu yangu ilirudishwa kwa mara ya pili na jukwaa la mtandaoni nililotaka kuiuzia. Ni gemu ya kuvaa miwani mikubwa inayofunika uso. Ukishaivaa unajikuta umekaa kwenye mtumbwi, mawe ya Mwanza yamekuzunguka. Ujumbe ulisema mchezaji hawezi kukaa muda wote. Mwezeshe atembee, na hii ni nafasi ya mwisho.

Niliwajibu kwa hoja. Nani kasema lazima kila mtu atembee? Wakanirudishia sentensi ileile, na mpaka leo sijui kama aliyeiandika ni mtu.

Nisichowaandikia ni kwamba chumba changu cha Pasiansi, nyumbani kwa wazazi nilikorudi baada ya chuo, kina kitanda, meza na magunia ya mahindi ya baba kutoka Misungwi. Hakuna pa kutembea. Katika kila gemu niliyoitengeneza humo mchezaji amekaa: mtumbwini, kwenye kiti cha kinyozi, nyuma ya bodaboda. Nilidhani ni mtindo wangu. Nilitegemea gemu ile inipatie hela ya kupanga chumba kikubwa. Kumbe yenyewe ilihitaji chumba kikubwa kwanza.

Nikaongeza ufukwe wa kutembea. Kuujaribu uani haikuwezekana, jua linaunguza vioo vya miwani. Mama, anayeimba kwaya Mkuyuni, akaniombea ukumbi wa kanisa. Mzee wa kanisa alikuja na ufunguo, nikamwamkia.

"Marahaba. Hiyo siyo ya kubeti?"

"Hapana, mzee."

"Haya. Mabenchi mtayarudisha wenyewe."

Mimi na mama tulipoyasogeza, nikavaa miwani, nikashuka mtumbwini, nikaanza kutembea mchangani. Nikasimama. Nikajaribu tena, nikasimama palepale.

"Mbona huendi?" mama akauliza.

"Kitanda," nikasema kabla sijafikiri.

"Kitanda kiko Pasiansi, mwanangu."

Nilijua. Nimesoma, naweza hata kueleza kwa nini mwili hufanya hivyo. Mguu haukuenda.

Mama akanivua miwani, akaivaa juu ya kilemba, akaondoka kama anaenda sokoni. Akapita pale niliposimama, akaendelea, kisha akauliza mbona mchanga umeisha na yeye yuko majini. Mzee, kutoka mlangoni, akamuuliza kama anazama.

"Hapana, natembea juu yake."

Mzee alicheka hadi akakaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejenga ufukwe wenye ukubwa wa chumba changu, na kona zake, bila kujua.

Tulirudisha mabenchi. Nyumbani nikakaa kitandani na kompyuta, nikaanza kuusogeza mchanga mbele. Kila nilipotaka kuacha nilijiuliza kama mtu mwenye nafasi angeishia hapo, au ni mimi tu. Nikanyoosha miguu ili nifikiri vizuri. Ikagonga gunia.