Bendita na Winchi ya Mafuta

Kijiji cha Malimlim, Ufilipino, kiko pale barabara ya Manila inapoanza kuupanda mlima wa Dalton, na watu wake waligawanyika kwa mambo mawili: kura na winchi. Ugomvi wa kura ulikuwa na msimu wake. Wa winchi uliendelea mwaka mzima, na mchochezi wake alikuwa Eliseo Bumanglag.

Eliseo alikuwa mtu wa brekidauni. Lori likiteleza mtaroni au basi likilala ubavu kwenye kona, aliitwa yeye, naye alifika na Bendita, lori kuukuu la jeshi lililoachwa na Wamarekani. Winchi ya Bendita ilikuwa ya gia. Nguvu ilitoka kwenye injini, ikapita kwenye shafti, ikaingia kwenye meno ya chuma na kuzungusha ngoma yenye kamba ya waya. Chuma kwa chuma, hakuna porojo. Eliseo aliisifia winchi hiyo kuliko alivyowahi kuwasifia wanawe.

Shida ilianza shemeji yake Vergel, mdogo wa mkewe, aliponunua brekidauni lililotumika kutoka Japani. Milangoni lilikuwa bado na maandishi ambayo hakuna aliyejua kuyasoma. Eliseo aliapa kwamba yanasema, "Tafadhali usivute kitu kizito." Winchi ya gari hilo ilikuwa ya mafuta: pampu iliyasukuma mafuta kwenye mipira, nayo mafuta yakazungusha ngoma polepole, huku Vergel amesimama kando akigusa vijiti kwa vidole viwili, kama padre anayefunua kurasa za misale.

"Mafuta ni ya kukaangia samaki," Eliseo alikuwa akisema mezani kwa Consorcia, mkewe, aliyeuza chakula kando ya barabara. "Mpira ukipasuka utavuta kwa kitu gani, shemeji? Kwa rozari?"

"Na wewe Bendita wako akianza kuvuta anashtuka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia," Vergel alijibu mdomo umejaa wali. "Juzi umeng'oa bampa zima, lori likabaki mtaroni."

"Bampa lilikuwa limeoza!"

"Na ekseli nayo?"

"Kuleni," Consorcia alisema, akiwaongezea mchuzi wa mboga. "Dinengdeng haijali winchi."

Winchi ya gia huwa na pini laini iliyotegwa makusudi: mzigo ukizidi, pini hukatika, na meno yakapona. Eliseo aliiona pini hiyo kama tusi. Aliing'oa, akatia bolti ngumu ya basi. "Bendita hajui kushindwa," alisema. Mafundi wote wa mlimani walimwambia kwamba hilo si sifa, ni ugonjwa. Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, na Malimlim hakuna hata msikiti.

Ikafika sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Kapitan Delfin, kiongozi wa kijiji, alikuwa na uchaguzi mbele yake na hakuwa na daraja wala kisima cha kuzindua. Akazindua mashindano. Brekidauni mbili zingefungwa kamba moja, zivutane kwa winchi, na mshindi angetangazwa mfalme wa mlima. Padre alizinyunyizia zote mbili maji ya baraka, akasogea nyuma haraka kuliko ilivyo desturi.

"Ndugu zangu," Kapitan alinguruma kwenye spika ya karaoke, "leo tutajua ukweli!"

Eliseo alikanyaga mafuta. Bendita akaunguruma, kamba ikakaza hadi ikaimba. Upande wa pili Vergel aligusa kijiti, ngoma yake ikazunguka robo, ikasimama. Mzigo ulikuwa umezidi, na vali ya gari lake ikafunguka na kuachia mafuta yarudi tangini, ikipiga mluzi kama birika. Winchi haikuvuta tena, wala haikuachia.

"Umesikia?" Eliseo alipiga kelele dirishani. "Inalia! Inamlilia mama yake huko Japani!"

Akaongeza moto. Ile bolti haikukatika. Bolti haikuwa na sababu ya kukatika, ilikuwa ngumu kuliko kila kilichoizunguka. Kilichokatika ni meno ya gia, kisha sanduku lake lote, kwa mlio uliowafanya bibi wawili wapige ishara ya msalaba. Ngoma ya Bendita ikabaki huru ikizunguka ovyo. Winchi ya Vergel, ilipoona mzigo umepungua, ikaendelea na kazi yake kwa utulivu: ikaikokota kamba uwanjani, kamba ikakumba meza kuu, na nguruwe wa kuoka akaondoka mbele ya Kapitan akiburuzwa vumbini, na tufaha bado mdomoni.

Hakuumia mtu. Kicheko chenyewe kilikuwa cha kijiji kizima. Eliseo alishuka, akainama chini ya lori akijifanya anakagua tairi, na akakaa huko muda mrefu kuliko tairi lolote linavyohitaji.

Alikuwa bado huko pikipiki ilipoingia uwanjani mbio na habari mbaya. Lori la mahindi lilikuwa limepasua ukingo kwenye kona ya juu, nusu yake ya mbele ikining'inia korongoni, na dereva alikuwa bado ndani. Akijitikisa, lori nalo linatikisika.

Vergel alimtazama Eliseo. "Shemeji, gari linatembea?"

"Linatembea."

"Basi njoo."

Mvua ya asubuhi ilikuwa imeiacha lami utelezi. Vergel alifunga kamba kwenye fremu ya lori, akavuta. Badala ya lori kupanda, gari lake lenyewe likaanza kuteleza kuelekea korongoni. Akaacha. Jasho lilikuwa linamtoka, na kwa mara ya kwanza Eliseo alimwona hana vidole vya padre. Alikuwa ameking'ang'ania kijiti kwa mikono yote miwili.

"Gari lako ni jepesi," Eliseo alisema, na akajizuia asiongeze neno. "Tumfunge Bendita nyuma yako, tumtilie mawe kwenye tairi. Yeye hatateleza. Halafu tuweke kapi kule kwenye lori, kamba iende na kurudi. Utavuta taratibu, lakini nguvu itakuwa mara mbili."

"Kapi lazima mtu aende akalifunge."

"Najua."

Akatambaa mwenyewe, kapi begani, mpaka kwenye fremu ya lori. Chini yake palikuwa na hewa tupu na vichaka vidogo kama madoa ya ukungu. Njiani alijikuta akifikiri jambo ambalo hakulipenda: kama winchi ya Bendita ingekuwa nzima, angevuta kwa Bendita. Na klachi ya Bendita ikiachiwa, lazima ishtue. Mshtuko mmoja tu ungetosha kulitupa lori korongoni.

Dereva, kijana wa mkoa wa Isabela aliyeitwa Hermie, alimtambua kupitia kioo kilichovunjika. Sifa za Eliseo zilikuwa zimefika mbali.

"Manong Eliseo?" alinong'ona kwa hofu, akimwita kaka kwa lugha ya kwao. "Winchi inayonivuta... ni ya gia au ya mafuta?"

Eliseo alilishusha kapi begani. "Ya mafuta."

"Asante Mungu," alisema Hermie, na akafumba macho.

Tusi lilimfika Eliseo ulimini, akalirudisha. Alifunga kapi, akarudi, akainua mkono. Vergel akagusa kijiti. Kamba ikaingia kidogo kidogo, bila kishindo, kama uzi kwenye cherehani. Ikasimama Eliseo aliposema simama, ikashika hapohapo, ikaendelea aliposema endelea. Mnyororo uliolifunga gari la Vergel kwa Bendita uliguna, Bendita akakaa kama mwamba. Magurudumu ya mbele ya lori yalipogusa lami, Hermie aliruka nje, akamkumbatia wa kwanza aliyemwona, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa Kapitan Delfin, aliyefika dakika hiyohiyo na mpiga picha.

Jioni, Consorcia alipowapakulia tambi za pansit, watu walijazana wasikie.

"Mwulizeni shemeji," Eliseo alianza. "Bila Bendita, gari la Kijapani lingekuwa korongoni. Kwa kweli aliyevuta ni Bendita. Tofauti ni kwamba alivuta kwa kusimama."

"Na wewe ulioa hivyohivyo," Consorcia alisema. "Mimi natembea, wewe umesimama."

Vergel alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwinamia Eliseo. "Shemeji, leo niliogopa sana. Bila wewe ningekata kamba."

Eliseo alikuwa na jibu la maringo tayari. Badala yake akamsogezea sahani ya nyama.

Baada ya hapo walifanya kazi pamoja, gari la mafuta mbele likivuta, Bendita nyuma akishikilia. Kapitan alishinda uchaguzi kwa picha ile. Nao mashemeji hawakugombana tena kuhusu winchi. Waligombana kila safari, kuanzia kijijini mpaka kileleni, kuhusu nani anapaswa kutangulia njiani: anayevuta au anayeshikilia. Mwenye lori lililokwama alikaa juu ya jiwe akiwasubiri wamalize.