Kimo cha Nthambi

Kisilu hakuwa mtu wa kubahatisha. Miaka kumi na tisa alitunza bustani za hoteli kule Diani, na kazi hiyo ilimfunza kupima kwanza na kukata baadaye. Sasa mtazame! Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, mwaka wa tisini na nane, amesimama nyuma ya nyumba yake Mwabungo, panga mkononi, mbele ya mvinje alioupanda mwenyewe, na hajui akate wapi.

Utasema mti ni mti tu, kata popote bora uingie mlangoni. Nyumbani kwa Kisilu haikuwa hivyo. Tangu bintiye Nthambi aanze kusimama, mti wa Krismasi ulikatwa kwa kimo chake, hauzidi wala haupungui. Mtoto alisimamishwa wima kwenye mwimo wa mlango, mama yake, Nzembi, akamwekea sahani kichwani, Kisilu akakwaruza mstari kwa kisu. Kisha alikwenda kukata kilele cha mvinje kilicholingana na mstari ule. Mti wa kwanza ulikuwa kama ufagio, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu! Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwaka wa tisini na sita. Nthambi alikuwa na miaka kumi.

Agosti iliyofuata, watu wa bara, kama wao, walifukuzwa pwani. Nzembi alimshika mtoto mkono wakapanda basi kwenda kwa mamake, Makueni. Kisilu akabaki kulinda nyumba. "Ni wiki mbili tatu tu," walidanganyana. Nyumba yenyewe ina nini cha kulindwa? Lakini mwanamume akishajenga, haambiliki. Krismasi ya kwanza hawakuja. Mwaka huu Nzembi aliandika kwamba, Mungu akipenda, watakuja. Kisilu alipaka chokaa kuta zote. Alikwenda Ukunda kumnunulia Nthambi viatu, mwenye duka akamuuliza nambari, akarudi mikono mitupu.

"Baba Nthambi!" Alikuwa Bi Mwanarusi, jirani yake wa ng'ambo ya ua, mjane wa Kidigo asiyeishiwa na maneno. Ndiye aliyemficha chumbani mwake siku tatu wakati wa fujo, na kila aliyeuliza alimwambia ndani mna mgonjwa wa surua. "Waukodolea macho mti huo tangu alfajiri. Wangoja ukuamkie shikamoo?"

"Bi Mwanarusi, msichana wa miaka kumi na miwili anakuwa mrefu kiasi gani?"

Bi Mwanarusi alisogea mpaka uani. Akaweka mkono kifuani pake. "Wangu alikuwa hapa. Lakini sisi kwetu ni wafupi, usitufuate. Kata, baba. Akija amezidi, tutamwinamisha."

Alikata. Alikisia vidole vinne juu ya mstari wa zamani, akausimamisha mti katika ndoo ya mchanga, akautia pamba na karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Kisha akaketi kizingitini kungoja. Ilikuwa Ramadhani, na mtaa mzima ulikuwa umefunga. Hapakutoka harufu ya kitunguu jikoni kwa mtu. Zamani saa kama hizi Nzembi alikuwa akisukuma chapati, na Nthambi akiziiba. Kisilu alikuwa mpweke, basi, sina namna ya kulipamba neno hilo.

Alasiri alikuja Mbuvi, fundi cherehani wa Ukunda, aliyekuwa ametoka kwao Makueni jana yake. Kisilu alitazama nyuma ya mgeni, akaitazama njia yote mpaka kwenye mkorosho. Hakuna mtu.

"Ni mimi peke yangu, kaka," Mbuvi alisema, akamkabidhi kifurushi cha kunde na barua. Hata maji hakunywa. Alisema ana haraka, akaondoka bila kumtazama usoni.

Barua ilikuwa fupi. "Baba Nthambi, tumefunga mizigo mara mbili, na mara mbili nimeifungua. Siwezi kulala tena katika nyumba hiyo. Nakuomba wewe uje. Mtoto amelia sana. Amesema basi mti wake usikatwe kwa kukisia. Tumempima kwa sahani, kama kawaida."

Ndani ya kunde mlikuwa na uzi wa katani, ule ambao bibi yake Nthambi husukia vyondo, vile vikapu vya kwao, una fundo huku na huku. Kisilu alikanyaga fundo moja, akaunyoosha uzi kando ya mti. Ulikipita kilele kwa vidole vitano.

"Nimekosea," alisema kwa sauti, na hakuwapo wa kumsikia. "Nimemkata mwanangu mfupi." Akalia, mtu mzima, bila hata kufunga mlango.

Alipotulia, aliupeleka uzi mlangoni akakwaruza mstari mpya kwenye mwimo. Mistari ilikuwa kumi na mmoja sasa. Aliitazama kwa muda, kisha akaenda kuchukua nyundo.

Adhana ya magharibi ilipokwisha, Bi Mwanarusi alikuja na sahani ya mihogo ya nazi. Alimkuta Kisilu anang'oa misumari.

"Astaghafirullahi! Baba Nthambi, wavunja nyumba?"

"Nauchukua mwimo tu, Bi Mwanarusi. Hawaji. Ninawafuata mimi, kesho."

"Na mlango utafungwaje?"

"Hautafungwa."

Bi Mwanarusi aliyaona macho yake, akauona na uzi. Aliweka sahani chini, akaivua leso ya begani, akamsaidia kuuzungushia ule ubao ili usikwaruzike njiani. Alifunga ncha za leso polepole, kisha akafungua, akafunga tena.

"Nenda, baba," alisema. "Mtoto apimwe na babake. Na mimi je? Asubuhi nitamwita nani pale uani?"

Kisilu alishika upande wake wa ubao, akalikaza fundo la leso.