Alama Mbele ya Jina la Bi Salma

Naikumbuka vizuri Jumamosi moja ya baridi, mjukuu wangu Rahma, nilipoingia nyumbani kwa Mzee Khalfan na kalamu yangu na karatasi yenye majina ya wapiga kura wa mtaa mzima. Nilikuwa kijana, mwanafunzi huko huko Uingereza uliko wewe leo. Mji mwingine, lakini mvua ile ile. Uchaguzi wa baraza la jiji ulikuwa umekaribia. Chama changu kilikuwa kimelishika baraza miaka mingi na mwaka ule kilikuwa kinayumba. Wakubwa wa chama walisema kata yetu ndiyo itakayoamua.

Nakuandikia kwa simu kutoka hapa Ansab, Muscat, baada ya sala ya alasiri, na kahawa imepoa mbele yangu. Tangu uliponipigia simu jana sijatulia. Ulisema, "Babu, usiwe na wasiwasi. Waswahili wote tunao, mwenyekiti wa jumuiya kashatupa neno." Ukacheka. Mimi sikucheka. Uchaguzi ni keshokutwa, jina lako limo kwenye karatasi ya kura, na umesema mwenyewe kwamba kiti kimoja tu kinaweza kukitoa chama chako madarakani. Naogopa, mjukuu wangu, nakwambia wazi. Maneno hayo niliyasema mimi kabla baba yako hajazaliwa.

Siku ile Mzee Khalfan alinikaribisha chumba cha mbele. Kwetu mgeni mwanamume hapitilizi ndani, hilo unalijua. Chai na kachori zilipitishwa kwenye pazia, nami nikala mpaka nikaona haya. (Zile kachori, mwanangu, sijapata kuona mfano wake, na usimwambie bibi yako.) Nilipomuuliza habari ya kura, mzee akasema, "Nyumba hii sote tuko nawe." Nikatia alama ya vema mbele ya jina lake, na la mkewe Bi Salma, na la binti yao. Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Jioni nikawaambia wakubwa wa chama kwamba kura za Waswahili ziko mfukoni. Wakanipigapiga bega, nikajiona mtu mkubwa.

Tukashindwa kwa kura chache sana. Baraza likaenda kwa wapinzani, na kabla mwaka haujaisha wakubwa wapya wa baraza wakaufunga ukumbi wa mtaa, pale tulipofanyia harusi na hitima, watoto wetu walipojifunzia Kurani. Niliumia. Nikaichukua karatasi yangu nikaenda kwa Mzee Khalfan kulalamika kwamba tumesalitiwa. Mzee hakuwepo. Bi Salma akaniambia nikae, naye akaketi kwenye mlango wa ndani, mtandio kichwani, binti yake amesimama nyuma yake. Nikampa karatasi aione.

"Na alama hii mbele ya jina langu kaitia nani?" akaniuliza.

"Mimi, Bi Salma."

"Mie nilikwambia nini hata ukaitia?"

"Mzee alisema nyumba nzima iko nasi."

"Siku ile mie nilikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Kachori zangu ulizila. Kauli yangu hukuitaka." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Chama chako kilituondoshea basi la asubuhi. Sie tunaosafisha hospitali tukawa twenda kwa miguu juu ya barafu. Akaja mama wa Kizungu wa chama kile kingine, kagonga mlango wa nyuma, katuuliza tunataka nini. Tukampa kura. Ungeuliza wewe, ningekwambia lile lile, ukawapelekea wakubwa wako. Sasa basi limerudi, ukumbi umekwenda, na mie nnaulilia kama unavyoulilia wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nilikuwa nimekuja kumtafuta msaliti, na msaliti mwenyewe alikuwa ameshika kalamu.

Basi nisikilize, mwanangu. Mwenyekiti wenu ana kura moja. Neno lake ni heshima aliyokupa, lipokee na umshukuru, lakini hawezi kukupa kauli za watu ambao hata yeye hakuwauliza. Una siku mbili. Futa kila alama uliyoitia kwa kuambiwa, kisha urudi ukagonge. Usitosheke na chumba cha mbele. Wewe ni mwanamke, jikoni utaingia, mimi sikuwa na njia hiyo na wala sikuitafuta. Waulize wanataka nini kabla hujawaambia wewe unataka nini. Atakayekwambia hakutaki, mshukuru, kwa sababu huyo amekwambia kweli. Mimi sijui kama utashinda. Ninachokiogopa si kushindwa kwako. Naogopa uje ukae mbele ya mtu kama Bi Salma usiwe na la kumjibu.

Tena kuna jambo sijapata kumwambia mtu. Yule binti aliyesimama nyuma ya Bi Salma ndiye bibi yako; wazee wake wewe hukuwahi kuwaona. Nimeishi naye huko Uingereza, nikahamia naye hapa Muscat, tumelea watoto na wajukuu, na siku zote hizo sikumuuliza kura yake ile alimpa nani. Jana ulipokata simu nikamuuliza. Akaweka kikombe chini.

"Leo ndiyo umekumbuka kuniuliza?" akasema. Akaingia zake jikoni, na mpaka sasa hajanijibu.

Ukimaliza kusoma haya, vaa koti lako utoke. Mwenyezi Mungu akufungulie kila mlango utakaougonga, akupe subira ya kusikiliza, na akurudishe kwetu salama, umeshinda au umeshindwa, uso wako ukiwa mkunjufu. Amin.