Wanaume wawili na hita yangu inayonguruma

Leo wanaume wawili wazima wameshindwa na hita ya maji bafuni kwangu.

Mimi nimo edani, kwa hivyo nilikaa nyuma ya pazia nikiwasikiliza na kuwachungulia.

Tangu baridi iingie hapa Nizwa, Omani, hita inanguruma kama mtu anapiga debe kwa mawe. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, akaja na rafiki yake. Hao ni mabingwa wa kila kitu. Waulizeni wenyewe.

"Imekufa hii," kasema shemeji. "Tunaing'oa, tunaitupa."

Itupwe! Mume wangu aliitundika kwa mikono yake.

Nikawaambia kwa upole, "Shemeji, zimeni umeme, mwageni maji yote. Chini mna chokaa iliyoachwa na maji, mvuke unakwama humo, ndio unagonga."

Wakacheka. "Wallahi, shemeji kasomea hita!"

Basi wakafungua bomba la chini ili waing'oe. Maji yakawamwagikia pamoja na chokaa, vipande kama maganda ya mayai. Kanzu nyeupe ya shemeji ikarowa mpaka magotini.

Wakaijaza tena, wakaiwasha. Ikachemka kimya.

Mnadhani aliniomba radhi? Alinigombeza!

"Sasa mwaka huu mbona haikusafishwa?"

Kila baridi ikikaribia marehemu akiisafisha, mimi nikimshikia tochi, naye akinitania kwamba naitikisa makusudi.

"Aliyekuwa akiisafisha," nikamjibu, "ulimzika wewe mwenyewe."

Wakaondoka bila kugusa kahawa niliyowaandalia.

Wenzangu, semeni kweli: nilikuwa mkali?